Folda Mbili za Mama Mdogo

Kila atokapo shule, Fagio hupitia chumba cha kazi cha mama yake mdogo, fundi wa kompyuta. Jina hilo la Fagio alipewa nyumbani, maana akiona kitu kimekaa ovyo hatulii mpaka akipange.

Siku hizo mama mdogo alikuwa akiunda mfumo endeshi, yaani programu kuu ya kuiwasha na kuiendesha, wa kompyuta ndogo, ndogo kama kiganja, itakayomsomea vitabu kwa sauti kaka yake Fagio, asiyeona. Mtihani wa kaka ulikuwa keshokutwa. Kompyuta ile ndogo haikuwa na nguvu ya kujijengea mfumo, hivyo kazi yote ilifanyika kwenye kompyuta kubwa ya mezani.

Mama mdogo alipotoka kununua waya, Fagio alichungulia mafaili. Lo! Folda mbili, zana za kujengea programu zenye majina yaleyale!

“Marudio matupu haya,” alijisemea, akaifuta moja.

Mama mdogo aliporudi akaanzisha kazi, nayo kompyuta kubwa ikaimaliza bila kulalamika. Lakini mfumo ulipohamishiwa kwenye ile ndogo, kioo kilibaki cheusi tii. Wakajaribu tena. Wapi!

“Hii imeharibika,” mama mdogo akasema, akichukua bisibisi. “Naifungua. Ila kwa mtihani wa keshokutwa, haitawahi tena.”

Kaka, aliyekuwa akisubiri kando, akainamisha kichwa. Fagio akaitazama bisibisi. Akinyamaza, nani atajua?

“Mama mdogo, usiifungue! Nimefuta folda moja ya zana. Nilidhani zimejirudia.”

Bisibisi ikawekwa mezani. “Kumbe! Mwanangu, zile zimefanana majina tu. Moja hutengeneza programu za kompyuta kubwa, nyingine za hii ndogo. Ulipofuta za ndogo, kubwa ikatumia zake. Tumemshonea mtoto suruali kwa vipimo vya baba yake!”

Hata kaka alicheka. Mama mdogo akairudisha folda kutoka kapu la taka la kompyuta, akazipa zote mbili majina mapya, “Za Kubwa” na “Za Ndogo”, kisha kazi ikaanza mwanzo. Jioni kioo kiliwaka, na sauti ikaanza kusoma.

“Nimekasirika, sikufichi,” mama mdogo akamwambia Fagio. “Lakini ungenyamaza, ningeibomoa kompyuta nzima bure. Kusema kweli kumetuokoa. Kupanga vitu ni kuzuri, ila usitupe usichokijua. Kuuliza si ujinga.”

“Na nyinyi nyamazeni basi,” kaka akasema, sikio lake karibu na kompyuta. “Nasoma!”