Abee, Mama

Kama kuna kitu ambacho jirani yetu, mwalimu wa jiografia, hakukivumilia, ni mtoto kuitwa mara mbili. Ukimwita binti yake wa mwisho, Kitinda, "Abee, mama" ilikuja kabla hujafunga mdomo. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alijigamba, nasi wenye watoto viziwi tukanywea.

Siku ya ziara ya shule jua lilikuwa zuri. Wanafunzi walipanda mlima wa volkano wakitaniana, Kitinda akiwa mbele na kofia yake ya sufu. Huko juu barafu iliteremka toka kwenye kreta hadi kwenye majivu meusi, na mvuke ulifuka kwenye mawe. Kiongozi wao, mwanamke aliyewachekesha njia nzima, akaacha utani.

"Hapa ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Hata akiwa mama yako."

Mwalimu akacheka. "Wangu humuwezi, dada. Kuitika kwake ni kama kupumua."

Alikuwa akiwaonyesha mikwaruzo ambayo barafu huchora kwenye mwamba, ukungu ukashuka. Hakuona hata vidole vyake. Akafungua mdomo amwite binti yake. Hakuwahi.

"Kitinda!"

Sauti ilikuwa yake mwenyewe. Ilitoka ndani ya barafu.

"Abee, mama!"

Viatu vikakimbia. Vikanyamaza.

Ukungu ulipoinuka, wanafunzi wote walikuwepo isipokuwa yeye. Nyayo zake ziliishia kwenye ufa mwembamba, hata mkono haupiti. Mama mtu akalala kifudifudi, akaita.

"Abee, mama." Chini.

Akaita tena.

"Abee, mama." Chini zaidi.

Kiongozi akamziba mdomo. "Nyamaza, dada," akamnong'oneza. "Kila ukimwita anaitika. Kila akiitika, anashuka."

Waokoaji walichimba mpaka wakakata tamaa. Mwalimu akarudi nyumbani peke yake, na jina lile hakulitamka tena. Hata kwenye sala alisema "yule." Alijua mwanawe harudi. Alichobakiwa nacho ni kunyamaza tu, ili angalau mtoto abaki pale alipo, asizidi kushuka. Tulimwonea huruma hadi tukaogopa kuwaita wetu kwa sauti.

Lakini mazoea yana taabu. Juzi mchana alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, sufuria inachemka, mawazo yako mbali.

"Kitinda, niletee chumvi."

Akasikiliza. Sakafu ilikuwa kimya. Kisha, chini, chini kabisa ya saruji, sauti iliyochoka:

"Abee, mama."

Tulimkuta amekaa chini, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, unga umemjaa usoni. Kopo la chumvi, ambalo siku zote hukaa kabatini, lilikuwa mezani karibu yake. Lilikuwa limeganda barafu. Kwenye kifuniko palikuwa na alama za vidole vidogo, vyeusi kwa majivu.