Binamu wa Jina Langu Alihamisha Baruapepe, Akahama na Wateja Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mama wa watoto wawili, mkazi wa Kitengela. Natengeneza maziwa lala, yaani mtindi, na yogati... au niseme nilikuwa natengeneza, maana ninachofanya sasa ni kubahatisha tu. Najua wengi wenu mkisikia kisa kinahusu baruapepe mtasema hayo ni mambo ya vijana wa kompyuta, mgeuze ukurasa. Msigeuze! Hata mimi nilidhani hayanihusu.

Nianze na jina, kwa sababu balaa lilitokea hapo. Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Baba yangu na mdogo wake kila mmoja alipata binti wa kwanza, na wote wawili wakamwita kwa jina la mama yao. Nyanya alibatizwa Grace, kwa hivyo nasi tukabatizwa Grace. Jina la tatu likawa la babu, kwa kuwa baba zetu walilitumia wote wawili. Basi tukawa watu wawili, binamu, na majina yote matatu yaleyale! Nyumbani wakatuita Shiko, kifupi cha jina letu la Kikuyu, Shiko Mkubwa na Shiko Mdogo ili watofautishe. Mkubwa ni mimi.

Huyo Shiko Mdogo ndiye aliyenimaliza.

Ndoa yake ilipovunjika kule Kimuka alikuja kwangu na sanduku moja, macho yamevimba kwa kulia. Nilimpokea. Nilimpa kitanda, nikampa meza katika ofisi yangu awe anajibu barua za wateja, nikamwambia asiogope, damu ni damu. Je, nilikosea kumsitiri ndugu yangu? Mpaka leo nikiupita mlango wa chumba alicholala natamani kuuvunja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi wamama wa Kimaasai waliniletea maziwa kutoka pande za Isinya hadi karibu na Kajiado. Kiongozi wao ni Mama Naserian, mwanamke mrefu, mpole, ambaye akisema jambo wenzake wote wanafuata. Nilichemsha, nikagandisha, nikapakia, nikauzia shule kadhaa na hoteli moja kubwa iliyo njia ya Kajiado. Oda zote zilikuja kwa baruapepe. Meneja wa ununuzi wa hoteli hiyo, Bwana Otieno, ambaye hatukuwahi kuonana uso kwa uso, alikuwa ameniahidi mkataba wa mwaka mzima, na alisema atautuma kwa njia hiyohiyo.

Mkataba huo ndio uliokuwa roho yangu. Mvua ikinyesha vizuri, maziwa hufurika Kajiado nzima hadi yanakosa mnunuzi. Nilikuwa nimemwapia Mama Naserian kwamba safari hii hawatamwaga hata tone, kwa sababu hoteli itachukua yote. Alinishika mikono yote miwili akasema "ashe", yaani asante, akaenda kuwaambia wenzake.

Lakini baruapepe yetu ilikuwa inatuchezea. Kampuni iliyoitunza ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati hapa Kitengela. Barua zilichelewa, nyingine hazikufika kabisa. Bwana Otieno alinipigia kulalamika kwamba anatuma na hajibiwi. Shiko Mdogo akashauri tuihamishie kampuni nyingine ya Nairobi. Ulikuwa ushauri mzuri! Hata leo sina la kuupinga, na hilo ndilo linaloniuma.

Yule wa juu ya duka la mabati alisema hawezi kuachilia anwani ya biashara mpaka mwenyewe afike na kitambulisho, atie sahihi. Siku hiyo mtambo wangu wa kuchemshia ulikuwa umezima na maziwa yamejaa mitungi. Ningetokaje? Shiko Mdogo akacheka.

"Si niende na yangu?" akasema. "Majina ni yaleyale. Nani ataangalia namba?"

Nami nikacheka. Tulicheka wote wawili, vikombe vya chai mkononi, kwa sababu tangu utoto jina hilo lilikuwa mchezo wetu. Akaenda.

Kule walitoa kopi ya kitambulisho chake, wakaandika namba yake kuwa ndiyo ya mwenye anwani, wakamwachilia anwani. Kule Nairobi alifungua akaunti kwa kitambulisho hichohicho na kwa simu yake. Mimi niliambiwa tu kwamba mambo yako sawa. Na kweli barua zilianza kuingia haraka kama maji ya mfereji! Nilimsifu mbele ya watu kanisani. Nilimnunulia kitenge. Mjinga wa kutupwa mimi!

Halafu ikafika Jumatatu moja, nikaandika paswadi ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nikampigia Shiko Mdogo, simu imezimwa. Nikaenda chumbani kwake... kitanda kimetandikwa vizuri, kabati tupu. Mnajua nilifanya nini? Nililia, nikidhani amepatwa na jambo baya. Nilimwombea!

Nilipigia ile kampuni ya Nairobi. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu nyingi. Akaniuliza namba ya kitambulisho, nikamtajia, akaitafuta kwenye kompyuta.

"Mama, jina ni hilo, lakini namba si hii," akasema. "Mwenye hii account ni mtu mwingine."

Nikamwambia kwa hasira kwamba Grace ni mimi.

"Hata yeye ni Grace," akanijibu.

Wakati huo maziwa yalikuwa yanaendelea kuja. Ng'ombe hajui mambo ya paswadi! Mitungi ilijaa, oda hakuna. Nilipigia shule moja baada ya nyingine, nikaulizwa mbona nasumbua wakati waliniandikia nikawajibu, na mzigo ukafika. Ulifika kutoka wapi? Kutoka Tuala, kule Rongai. Shiko Mdogo alikuwa amekodi nyumba huko, akachapisha lebo kama zangu, anajibu barua zangu kutoka anwani yangu, na chini anatia sahihi ya jina langu. Na mtu angemwambia nini? Jina lilikuwa lake pia!

Nilikimbia hotelini kumwona Bwana Otieno. Alinipokea kwa uso uliofungwa, hakunikaribisha kiti. Akageuza kompyuta yake nione. Barua, iliyotumwa kwa wateja wote, ilisema tumehamia Tuala, na kwamba kuna ndugu aliyefutwa kazi kwa wizi, ambaye majina yake yanafanana na ya mwenye biashara. Akija kudai kuwa yeye ndiye Grace, wasimsikilize. Chini yake kulikuwa na mkataba wangu, ule wa mwaka mzima, umeshatiwa sahihi.

Nilitoa kitambulisho changu nikakiweka mezani kwake. Alikiangalia bila kukishika.

"Madam, yeye pia alileta chake," akasema. "Na tuliambiwa utakuja."

Askari wa lango alinisindikiza hadi barabarani kama mwizi wa kuku. Mimi! Niliyejenga biashara hiyo kwa mikono yangu! Nilisimama pale vumbi la malori likinipiga, nikamlaani binamu yangu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sijutii hata moja.

Ndugu wakaitisha kikao nyumbani kwa baba mdogo, yaani baba yake Shiko Mdogo. Nilidhani nimepata pa kulilia. Baba mdogo alisema jina lile ni la mama yake, si langu peke yangu, na kwamba watoto wa nyumba moja hawapelekani polisi. Mama yangu mzazi akaniomba tugawane wateja yaishe. Tugawane! Nilimgeukia Shiko Mdogo nikamuuliza mbele ya wote nilimkosea nini.

Aliweka kikombe chini polepole.

"Barua zote ni mimi nilikuwa naandika," akasema. "Wateja ni mimi nilikuwa nabembeleza. Halafu wakisifu, wanasema Grace amefanya, Grace amefanya, na wewe ndio unashukuru. Sasa mimi nani? Si mimi pia ni Grace?"

Hakuna aliyemkemea. Niliondoka kabla ya maombi ya kufunga kikao.

Lakini wasomaji, hayo yote yalikuwa afadhali kuliko asubuhi aliyokuja Mama Naserian. Nilikuwa nimewapigia wamama waache kuleta, ila mvua ilikuwa imeshika na hawakuwa na pengine pa kwenda. Walikuja wote na mitungi yao. Nilimweleza kila kitu, nikilia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulituambia iko mahali," akasema. "Hiyo mahali imeenda wapi?"

Akaanza yeye, na wenzake wakafuata. Walimwaga maziwa pale uani mwangu, mtungi baada ya mtungi, bila kunitukana. Uwanja ukawa mweupe, mbwa wa mtaa mzima wakaja. Afadhali wangenitukana. Hawajarudi tena, na sasa wanawauzia madalali wa barabarani kwa bei ya kutupa.

Sikukaa kimya. Cheti cha kusajili biashara kilikuwa na namba ya kitambulisho changu, na hicho ndicho kilichonisaidia. Nilikizungusha polisi, nikakizungusha kwa wakili, nikaandikiana na kila ofisi inayohusika na anwani hizo. Nilizungushwa hadi viatu vikalika, mtambo ukakaa bure ukapata kutu. Hatimaye, baada ya miezi mingi, nilirudishiwa anwani yangu. Nikapiga magoti sakafuni nikamshukuru Mungu. Nilidhani nimeshinda!

Nilifungua sanduku la barua. Nilikuta nini?

Matusi! Barua juu ya barua, zote zinaanza na "Grace". Shiko Mdogo alikuwa akiongeza maji kwenye maziwa, na yogati akiitoa imeharibika. Shule moja iliandika kwamba watoto wa bweni zima walihara. Bwana Otieno alikuwa amevunja mkataba, na barua yake ya mwisho ilisema: "Grace, tumevumilia vya kutosha. Usituletee kitu tena." Binamu yangu alikuwa ameshafunga Tuala, amehama, simu haipatikani. Alininyang'anya anwani ikiwa safi, akaniachia ikinuka.

Mchungaji ananiambia nimsamehe. Mama ananiambia nimsamehe. Sijamsamehe! Sijui kama nitamsamehe, na wanaonisukuma nisamehe hawajawahi kuona watu wakimwaga jasho lao uani kwao kwa sababu ya ahadi waliyowapa. Siku nikikutana naye nitasema yangu, hata kama ni ndani ya kanisa.

Ninyi mnaosoma, mama wa duka, baba wa karakana, kijana wa saluni, nawasihi kwa machozi. Siku utakapohamisha baruapepe ya biashara, zima jiko, funga duka, nenda wewe mwenyewe na kitambulisho chako. Hakikisha namba iliyoandikwa ni yako, na simu inayopokea ujumbe ni yako. Usimtume dada, usimtume mume, usimtume mtu wa damu yako eti kwa sababu unampenda au kwa sababu uko na kazi nyingi. Huyo wa damu yako ndiye asiyeogopa kukuibia, anajua wazee watamtetea.

Mimi niliketi nikawajibu wateja wote, mmoja mmoja. Niliwaeleza kwa unyenyekevu kwamba kuna Grace wawili, kwamba yule aliyewauzia maziwa ya maji si mimi, na kwamba nawaomba waonje tena. Wengi wamenyamaza. Wiki hii amenijibu mmoja tu, mwalimu mkuu wa ile shule ya bweni. Nilifungua barua yake nikiwa na tumaini... Aliandika sentensi moja: "Hata mara ya kwanza ulituambia kuna mwingine."