Sura ya Mwisho ya Kifaranga

Siku ya kwanza mama alidhani ni masikio yake tu. Alikuwa jikoni anasugua sufuria iliyoungua, akasikia kule sebuleni kifaranga anadonoa punje: pi, pi, pi. Mlio wa lile gemu. Akatoka na stilwaya ya kusugulia mkononi, povu linamdondoka. Mashine ya gemu imesimama palepale kwenye kona, kioo cheusi, waya wake umeviringishwa juu kama mumewe alivyouacha. Haikuwa imechomekwa kwenye umeme tangu siku ya msiba.

"Haya, nimeshaanza kuchanganyikiwa," akajiambia, akarudi kwenye sufuria yake.

Lakini nani asingechanganyikiwa? Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu wamzike binti yao wa miaka tisa. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Mashine ilikuwa yake. Baba yake, fundi wa mashine za michezo, aliipata kama chuma chakavu ukumbi mmoja wa gemu ulipofungwa, akaifufua, akaisukuma mpaka sebuleni ili mgonjwa apate cha kumchangamsha. Lilikuwa gemu la zamani, halina makuu: kifaranga anakimbia kwenye vichochoro akidonoa punje, paka wanne wanamwandama, na akizimaliza punje zote, vichochoro vinaanza upya.

Hilo lilimuudhi sana Chiriku. "Sasa huyu kwao wapi? Mama yake hamtafuti?"

Mama kazi yake ilikuwa kuandika vitabu vya watoto, basi akaanza kumtungia. Kila saa kumi alasiri, binti kajilaza kwenye kochi, mama anakaa kwenye kigoda mbele ya mashine, anamsomea sura mpya ya Kifaranga anayetafuta nyumbani. Walifika sura ya kumi na tisa. Ya ishirini ilikosa msikilizaji.

Mwingine angeyafungia yale makaratasi kabatini akalia mpaka akachoka. Yeye je? Waombolezaji walipoondoka, saa kumi ilipofika, alikaa kwenye kigoda kilekile akaendelea kusoma. Kochi tupu, mashine kimya, yeye anasoma kwa sauti. Kila siku anaongeza kipande, kila siku anakataa kukifikisha mwisho, kwa sababu kumaliza hadithi kulikuwa ni kukubali kwamba mtoto hayupo. Jamani, ukimsomea mtu asiyekuwepo, alasiri baada ya alasiri, unategemea nini? Atakuja wa kuja.

Na kweli alikuja. Wiki ya pili baada ya ule mlio, kioo kiliwaka chenyewe, mama akiwa katikati ya sentensi. Sebule ikajaa harufu ya dawa ya kikohozi, ile tamutamu ya machungwa aliyokuwa akinywa Chiriku, na chupa ya mwisho alikwishaitupa kwa mkono wake mwenyewe. Paka hawakuonekana. Kifaranga alikuwa ametulia katikati ya vichochoro, amemwelekea. Kwenye spika ikatoka sauti ndogo yenye mkwaruzo.

"Halafu ikawaje, Mama?"

Wee! Mtu mwingine angetoka mbio hata viatu angevisahau. Mama alipiga magoti, akalikumbatia lile sanduku, akalia mpaka vitufe vikalowa. "Chiriku! Chiriku wangu, umerudi?"

"Soma, Mama."

Akasoma. Kwa mumewe hakusema kitu. Mumewe aliona tu mke wake ameanza tena kuoga mapema, kuchana nywele, hata kucheka peke yake, naye maskini akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Aliyeumia ni Bonge. Bonge alikuwa kitindamimba wao, msichana wa miaka miwili, mashavu yamejaa mpaka akicheka macho hayaonekani. Kwanza alikataa chakula. Kisha akaacha kutamka hata yale maneno yake matano. Hospitali walimpima damu, wakampiga picha ya kifua, wakasema hawaoni ugonjwa. Mashavu yakaisha. Halafu alasiri moja mama akiwa anasoma, Bonge aliyesimama mlangoni akakohoa, na kikohozi chenyewe, kirefu, kikavu, chenye mluzi mwishoni, mama alikijua vizuri kwa sababu alikisikiliza mwaka mzima kutoka kwenye kifua kingine, na alipogeuka akaona midomo ya mtoto asiyejua kuunga maneno mawili inafunguka polepole, na sauti ya spika na sauti ya Bonge zikatoka pamoja, neno kwa neno, "Halafu ikawaje, Mama?"

Baba alikuwa nyuma yao, begi la vifaa begani.  Alimwinua Bonge akampa mkewe, akachukua bisibisi, akafungua mgongo wa mashine na kukata kila waya aliouona. Kioo hakikuzima.

"Mke wangu," akanong'ona, "hiki kitu kinaishi kwa nguvu gani?"

Ndipo mama akamweleza yote.

Kesho yake mchana akaja mganga, mwanamke mmoja mnene, kwa pikipiki. Alivua helmeti, akaomba maji ya kunywa, akakaa kiti cha mbali kabisa na mashine. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza mtu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hapa sina cha kuchoma wala cha kuzika. Huyu jini aliitwa kwa hadithi. Hadithi isiyokwisha ndiyo mlango wake, na anapotokea duniani ni kwenye mwili wa huyu mdogo. Imalize leo."

"Nikiimaliza, Chiriku…"

"Huyo si Chiriku."

"Ananiita kama yeye! Anavuta maneno kama yeye!"

"Amekaa humu ndani, amewasikia mkimlilia. Jini husema alichokisikia, basi. Na usije ukamfikisha Kifaranga nyumbani, maana na huyu jini atakuwa amefika kwake, kwenye mwili wa mtoto. Kifaranga afe. Useme kwa mdomo wako."

Saa kumi mama akakaa kwenye kigoda. Makaratasi hakuyashika. Nyuma yake baba alimpakata Bonge, kifua cha mtoto kinapiga mluzi; mganga alibaki kwenye kiti chake cha mbali.

"Mama, leo usisome," ikanong'ona spika.

Mama akaanza. Akasema jinsi Kifaranga alivyochoka, jinsi miguu ilivyokataa, jinsi alivyojikunyata kwenye kichochoro cha mwisho huku kumbe nyumbani hakukuwa mbali, na kadiri alivyosema harufu ya dawa ikazidi mpaka koo likamkereketa, na ile sauti ikalia kwa chini, mama kuna giza huku, mama usinimalize, mama, mama, mpaka ikabaki sentensi moja tu.

Hapo sauti ikaacha kulia.

"Mama. Siku ile hukwenda kutafuta maji."

 Siku ile, wodini, Chiriku alipoanza kuhangaika na pumzi, mama alishindwa kutazama. Alisema anakwenda kutafuta maji, akajifungia chooni, akaziba masikio. Aliporudi nesi alikuwa ameshamfunika mtoto uso. Watu wote, akianzia na mumewe, aliwaambia alikuwa amemshika mkono mpaka mwisho. Ukweli hakuwahi kuutamka, ndani ya chumba hiki wala mahali popote.

"Sikukasirika," sauti ikasema. "Nilijua unaogopa. Ila usiondoke tena."

Bonge akakohoa, pumzi ikakwama, mwili ukakakamaa mikononi mwa baba yake.

"Mke wangu, malizia!" baba akapiga ukelele. "Anakwenda huyu! Malizia!"

Mama akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa na joto la mwili.

"Siondoki," akasema. "Safari hii nipo, mwanangu. Nipo hapa." Kisha akaisema ile sentensi. "Kifaranga akafa, mama yake amemshika."

Kioo kikazima. Bonge akavuta pumzi, akaangua kilio kikubwa cha mtoto mwenye njaa, na baba naye akalia hadharani bila aibu.

Mganga alikuwa anafunga helmeti. Mama akamwita bila kugeuka.

"Ulisema jini husema alichokisikia tu?"

"Hicho tu, mwanangu. Zaidi ya hapo hana."

 Mama alibaki amepiga magoti, kiganja juu ya kioo, akilisikia lile joto likipungua kidogo kidogo, mpaka kikapoa kabisa.