Chumvi Kwenye Matuta ya Kanini

Kila jioni akitoka shule, Kanini alikuwa anatupa mkoba kitandani, anabeba mtungi, huyo mtoni Ramisi. Hata chai hanywi. Mamake bado yuko kwenye miwa anakata, na Nzau, mdogo wake, yuko kwa Mama Mwinga, jirani anayeshinda naye. Viganja vya Nzau vilikuwa vyeupe. Nesi alisema damu imepungua, ale mboga za majani kila siku. Za kununua hawaziwezi. Basi Kanini akalima, na hajawahi kulima hata kitunguu.

Sukumawiki ikashika, bwana! Imebaki kuchumwa tu. Halafu majani yakaanza kuungua pembeni, yakajikunja, yakafa. Juu ya udongo kukatanda ungaunga mweupe. Kanini akaulamba. Chumvi!

Akaenda mbio hadi bombani, watu wamejaa, akamkuta Mwinga, mtoto wa jirani.

"Umenimwagia chumvi! Mnatuonea wivu sisi wa bara!"

"Mimi?" Mwinga alikuwa anacheka, akaweka ndoo chini. "Na mdogo wako anakula kwetu?"

Watu wakaguna. Mama Mwinga alikuwa papo hapo, Nzau mgongoni.

"Shikamoo," Kanini akasema.

"Marahaba. Mboga zako wazinywesha maji ya wapi?"

"Ya mtoni."

"Saa hizi za jioni? Na juzi, na jana?"

"Ndiyo."

"Mwinga, mpeleke akaonje."

Wakateremka hadi mtoni. Mto umejaa hadi kwenye nyasi, na takataka zinaelea kurudi juu, si kwenda baharini. Kanini alikuwa ameona hayo siku zote hizo, akafurahi tu kuwa maji yako karibu. Akachota kwa kiganja, akatema.

"Hiyo bamvua," Mwinga akasema. "Bahari ikijaa sana yapanda mtoni. Hamjui?"

"Kwetu Makueni hakuna bahari. Na sisi tunakunywa ya bomba, ya mtoni ni ya mboga tu."

"Ungeniuliza. Umenisingizia mbele ya watu."

Jioni ile walikula ugali kwa chumvi. Nzau alimega kidogo, akalala. Mamake Kanini akasikiliza yote, hata viatu hajavua.

"Mbegu nitakutafutia nyingine," akasema. "Mtu wa kunilindia Nzau nitampata wapi?"

Kesho yake Kanini akarudi bombani, watu wale wale, akaomba radhi kwa sauti. Mwinga akajitwisha ndoo yake, akaondoka. Mama Mwinga akampa fungu la kisamvu: "La mtoto hili. Yeye hakukosa."

Sasa Kanini anajaza pipa kabla ya bamvua, na kila mtungi anauonja. Sukumawiki imeota tena. Nzau anakula, ingawa viganja bado. Mwinga humsalimia, basi, hakuna utani tena.

"Mwinga atanisamehe?" Kanini akamuuliza mamake.

"Sijui, mwanangu. Maji ulikuwa unayatia mwenyewe, ukamtafuta wa kumlaumu. Siku nyingine, uliza kwanza."

Kanini akainama, akaendelea kupalilia.