Pumzi ya Sanamu

Picha ya eksirei ilionyesha mbavu kumi. Jumamosi iliyopita, darasa lilipoanza, zilikuwa nane.

Renata Kubiak alizihesabu tena kwenye kioo cha kompyuta, kwa kidole. Mtu akivuta pumzi kifua hujaa, mbavu nyingi zaidi huonekana. Hilo alilifundisha kila muhula katika chuo hiki cha Toledo, yeye mwalimu wa muda, siku nyingine akipiga eksirei hospitalini. Lakini aliyelala mezani leo ni sanamu la mazoezi: plastiki nje, na ndani mifupa ya binadamu halisi, asiyejulikana jina.

"Nani alilipiga picha mara ya mwisho?"

"Mimi," alisema Garrett, mcheshi wa darasa. "Nikaliambia livute pumzi, lishikilie, kama unavyotufundisha."

"Ukaliambia lipumue?"

"Kha! Mwalimu, si plastiki hiyo? Tulikuwa tushakimbilia donati."

Darasa likacheka. Renata hakucheka. Chumba kilinuka udongo mbichi.

"Lisukumeni pembeni," alisema polepole. "Leo mtajifunza kwa kulazana wenyewe. Mashine izimwe."

Garrett akapanda mezani, akajinyoosha kama mfalme. Noreen, mwenzake, akasimama kando.

"Vuta pumzi. Shikilia," Noreen alisema. Kifua kikapanda. "Haya, pumua."

Hakupumua.

"Acha ujinga wewe," Noreen alinong'ona. "Garrett? Unanitisha, bwana."

Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya buluu, na macho yake, yaliyokuwa yakicheka, sasa yalimtafuta mwalimu na kumng'ang'ania, na Renata akamshika mabega, akamtikisa, akapiga kelele, "Pumua, mwanangu, pumua!" na kule pembeni, katika kifua cha plastiki kisicho na tundu, ikatoka pumzi moja yenye unyevu, ndefu kuliko pumzi ya mtu yeyote, ikapita juu ya vichwa vyao ikinuka kaburi, ikashuka mezani usoni pa Garrett, ikanyamaza.

Siku ya tisa hospitalini, madaktari walisema ubongo wa Garrett umekufa. Padri alikuja, akasali, akanyunyiza maji, akatoka bila kumtazama mtu. Mama yake Garrett akatia saini. Mashine ya kupumulia ikazimwa.

Kifua kikapanda chenyewe.

Macho yakafunguka. Aliyelala pale akainua mikono, akakunja kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayejaribu nguo za marehemu. Mama akamwangukia shingoni akilia kwa furaha.

Renata, aliyekuja kumuaga, alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani; chumba kilinuka udongo mbichi.

"Mwalimu," mama aliuliza, "mbona hufurahi?"