Gharama ya Asubuhi Moja

Mimi ni fundi cherehani. Nashona kola za sare za shule katika karakana yenye mashine ishirini. Kazi inaanza saa moja kamili asubuhi. Ukichelewa, msimamizi anampa mtu mwingine mashine yako, na wewe unarudi nyumbani mikono mitupu.

Mdogo wangu wa kike ni mtafiti chuoni, mwenye shahada ya udaktari. Tangu utotoni tunamwita Maswali, maana alikuwa akiuliza mpaka baba anajifanya amelala. Kwa miaka kumi na miwili amechunguza jambo moja: mzazi hutumia nini ili mtoto apate huduma ya afya, na kwa nini wengine huishia njiani. Majirani walimtania. Daktari gani huyu, walisema, hata sindano hajui kuchoma? Nilicheka nao, lakini moyoni nilijivuna. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyefika huko.

Mwaka mmoja alikuwa na kazi ngumu. Katika mtaa wetu watoto wengi walipata chanjo ya kwanza ya surua, lakini hawakurudi kupata ya pili. Maswali alipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya maswali, hata kwangu. Aliuliza wazazi walilipa kiasi gani. Wote walijibu kwamba hawakulipa kitu, kwa kuwa chanjo ni bure. Wakubwa wake chuoni wakasema basi wazazi hawa ni wazembe tu. Zilibaki wiki mbili aandike hivyo kwenye ripoti.

Jumapili alikuja kwangu kula. Mwanangu, tunayemwita Bonge, akampanda mapajani. Maswali akaomba kuona kadi yake ya kliniki. Nikababaika, nikasema sijui nimeiweka wapi. Yeye ananijua. Akanyoosha mkono juu ya kabati, akaichukua. Nafasi ya chanjo ya pili ilikuwa tupu, na tarehe ilikuwa imepita kwa miezi mitano.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama yake mdogo ni mtaalamu wa afya ya watoto, na mtoto hana chanjo ya pili.

"Dada, kwa nini?" aliuliza taratibu.

Aibu yangu ikageuka hasira. "Chanjo ni Jumanne asubuhi tu," nilimjibu. "Foleni inaisha saa sita. Nikienda, mashine yangu anakaa mtu mwingine, na siku yangu imekwenda. Halafu nilipochelewa, nikaogopa muuguzi atanigombeza. Wewe ulikuja hapa ukaniuliza nililipa nini. Mbona hukuuliza nilipoteza nini?"

Maswali aliweka kijiko chini.

"Miaka yote hii nimehesabu pesa zinazolipwa dirishani kliniki tu," alisema. "Siku yako ya kazi nayo ni gharama, dada. Kosa ni langu."

Jumanne nilikwenda kliniki, liwalo na liwe. Muuguzi aliitazama kadi, kisha akanitazama mimi. Hakunigombeza.

"Mama, umechelewa, lakini mlango haujafungwa," alisema. "Hatuanzi upya. Tunaendelea pale ulipoachia. Dozi moja huwakinga watoto wengi, lakini si wote. Ndiyo maana tunataka warudi kwa ya pili."

Bonge alilia kidogo, akanyamaza. Mshahara wa siku hiyo niliukosa, ila nililala usingizi mzito.

Maswali naye alikwenda kwa mkuu wake. Alimwambia kwamba utafiti una kasoro, na kasoro ni yake mwenyewe. Wenzake walimshangaa, nani hujichongea hivyo kazini? Akaongeza swali moja kwenye karatasi, akazunguka tena nyumba zile zile kwa miguu. Walinzi, wapishi na mafundi wote walimweleza habari ya siku iliyopotea. Ripoti ilipotoka, kliniki ilianza kutoa chanjo Jumamosi mchana pia, na kila mzazi akapewa saa yake ya kufika. Baada ya nusu mwaka, karibu watoto wote waliochelewa walikuwa wamerudi.

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi wa mtaa, Jumamosi jioni, kusudi wazazi tuweze kufika. Nilikaa nyuma na Bonge. Mdogo wangu alisimama mbele ya wakubwa, akaeleza bila kubabaika, nami machozi yakanilengalenga. Mkubwa mmoja akamuuliza alilipataje lile swali.

"Sikulipata mimi," alijibu. "Alinipa fundi cherehani yule, aliyekaa nyuma na mtoto. Ni dada yangu."

Ukumbi mzima uligeuka. Nilisimama, nyuzi zimenishika kwenye gauni, wakanipigia makofi, na sikuinamisha kichwa.