Asali ya Kapteni

Kila jioni Atheer alimkuta babu yake, Mzee Nabhan, kwenye roshani ya nyumba yao, mtaa wa Discovery Gardens, Dubai, akiipaka mafuta hatamu ya ngozi. Kwa miaka mingi Babu alimtunzia farasi Kapteni Aldridge, ofisa wa Kiingereza wa kikosi cha wapanda farasi. Siku hizi kikosi hicho huendesha vifaru, lakini kila likizo Kapteni alirudi Dubai kwa mkewe na kwa farasi wake, Lulu. Kapteni hakunywa maji kabla Lulu hajanywa.

Siku moja mkewe, Bi Frances, alipiga simu. Babu alikuwa akisali, Atheer akapokea. Kapteni ameuawa vitani. Alishatoka salama kwenye kifaru kilichowaka moto, akarudi kuwatoa askari wake.

"Mwambie babu yako," Bi Frances alisema kwa sauti iliyokatika. "Ijumaa tunamwombea kanisani. Natamani awepo."

"Nani huyo?" Babu aliuliza, akikunja msala.

Moyo wa Babu ulikuwa dhaifu. Atheer akakumbuka jinsi wakubwa wa kwao huficha msiba kwa kutaja ugonjwa.

"Bi Frances. Kapteni anaumwa, yuko hospitali ya jeshi."

Ijumaa ikapita. Jumamosi Babu alirudi kutoka soko la Al Ras na chupa ya asali iliyochanganywa na habasoda. "Yalla, twende, mjukuu wangu. Mkewe amfikishie mgonjwa. Na amwambie akichelewa kupona, Lulu atamsahau, amwangushe."

Mlangoni kwa Bi Frances, Babu alinyoosha kidole kwenye kengele. Atheer akamshika mkono.

"Babu, Kapteni amekufa. Nilijua tangu simu ile. Jana walimwombea."

Babu akaketi kwenye ngazi, chupa mapajani.

"Kumbe kila sala namwombea apone," alisema, "naye keshakwenda."

"Niliogopa moyo wako, Babu."

"Sisi humwambia mtu aliye mbali 'nduguyo mgonjwa' ili asianguke njiani. Akifika nyumbani, tunamshika mkono, tunamwambia. Wewe uliniacha njiani."

Atheer alilia. Babu akabonyeza kengele mwenyewe.

Bi Frances alitoka amevaa nguo nyeusi. "Nilikungoja Ijumaa, Mzee Nabhan. Nilidhani umetusahau."

"Kosa ni langu," Atheer alisema. "Mimi sikumwambia."

Bi Frances aliipokea asali, akaikumbatia kifuani. Walilia pamoja sebuleni, kisha wote watatu wakaenda zizini. Babu alikuwa na kiu, lakini alimnywesha Lulu kwanza.

"Ukweli huuma, mjukuu wangu," alisema, akimpa Atheer ndoo washike pamoja. "Lakini anayeambiwa ukweli hupata wa kulia naye. Uongo, hata wa huruma, humwacha mtu peke yake."